Matuta Manne ya Jozani

Ukitoka mjini Unguja kwa daladala ya 310, ile ya Makunduchi, utapita Tunguu, utapita Bungi chini ya miembe mikongwe ambayo watu husema ilipandwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said, kisha ukishaiacha Pete gari litapunguza mwendo ghafla. Mgeni atanyoosha shingo dirishani kutazama kuna nini. Hakuna ajali, hakuna askari. Kuna tuta, halafu jengine, halafu jengine tena. Manne kwa jumla, pale barabara inapopasua msitu wa Jozani na mashamba yanayopakana nao. Matuta haya hayakuwekwa kwa sababu ya skuli, wala soko, wala msikiti. Yaliwekwa kwa sababu ya kima.

Kima punju, kwa jina lake kamili. Mwekundu mgongoni, mweusi mabegani, na nywele nyeupe zilizotimka kichwani kama za mzee aliyeamshwa usingizini. Asili yake ni Unguja tu, hana kwao kwengine duniani. Wataalamu walimpachika jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar miaka mingi katika karne ya 19. Wenyeji walikuwa wameshampa la kwao, punju, yaani sumu, kwa vile walisema mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Historia ya barabara ya Jozani haisimuliki bila yeye. Lakini ninayemfuata mimi katika habari hii ni mwengine: yule aliye juu ya baiskeli, ukingoni mwa lami, na mzigo nyuma, ambaye alipata faida ya matuta asiyoyaomba.

Kabla ya lami, kusini mwa Unguja kulikuwa na miguu. Ni nchi ya mawe ile. Jiwe la matumbawe limejitokeza juu, udongo umejikusanya vishimoni, na mkulima hupanda pale anapopata kiganja cha ardhi. Karafuu haikubali huko. Karafuu ilistawi magharibi na kaskazini, kwenye udongo mzito, na barabara nzuri za mwanzo nazo zikaelekea ziliko karafuu, kwa sababu zilijengwa kwa ajili ya magunia kwanza na watu baadaye. Wahadimu wa Makunduchi, Jambiani na Bwejuu walitembea. Msimu ukifika walikwenda mashambani kuchuma, msimu ukiisha walirudi, na katikati walipeleka samaki na kamba za usumba mjini. Kutoka upande mwengine wa kusini, Fumba, alikuwa akija binti mmoja na vyungu vya kuuza kichwani. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Siti binti Saad.

Mji walioufikia wachuuzi hao ulijengwa kwa kipimo cha mwili. Njia ya Mji Mkongwe inamtosha punda mwenye shehena na mtu mmoja aliyejibana ukutani. Wakikutana punda wawili, mmoja arudi nyuma. Hamali walipita na magunia huku wakipaza sauti, "Similla! Similla!", na aliyekuwa barazani akikunja miguu bila hata kukatisha mazungumzo. Hapakuwa na alama ya mwendo wala mtu wa kuisimamia, na hapakuwa na haja nayo. Kona ndiyo iliyokuwa askari.

Kabla ya hapo, mbali sana na Forodhani, watu wawili walikuwa wakishughulika na magurudumu. Mwaka 1885, huko Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyolingana na cheni iliyozungusha la nyuma, ambayo kwa umbo ndiyo hii tunayoipanda hadi leo. Mwaka 1888, Belfast, John Boyd Dunlop akaipatia tairi la upepo. Mpira ukapanda bei dunia nzima, na waliolipia bei hiyo kwa mikono na roho zao ni watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold. Sisi tumezoea kuiita baiskeli chombo cha amani. Ni kweli, lakini tairi lake la kwanza halikuwa na amani.

Unguja baiskeli ilifika na Wazungu, maofisa na wamishonari, ikashuka kwa makarani, ikaendelea kushuka mpaka ikamfikia muuza samaki. Ilikuja na maneno yake, nayo yakapokelewa kama vipuri, yakachongwa hadi yakaingia: breki, pedeli, cheni, spoku, pampu, pancha. Na keria. Kama ningetakiwa kuchagua neno moja la kuelezea baiskeli katika kisiwa hiki ningechagua keria, kile kitanda cha chuma nyuma ya tandiko. Kwengine baiskeli ni ya mtu mmoja kufika aendako. Huku ni ya mtu na mzigo wake. Keria imebeba boflo za asubuhi, tenga la samaki, madema, kuni, makaa, nazi, mihogo. Imebeba majani ya ng'ombe yaliyofungwa bunda kubwa kiasi kwamba ukiliona kwa nyuma hujui kama kuna mtu mbele yake. Imebeba mke aliyekaa upande, buibui amelikusanya mapajani lisinaswe na spoku, na mbele, juu ya mtaimbo, mtoto ameshika kengele. Mume mwenye kanzu alishajifunza kulikunja pindo na kulichomeka kiunoni.

Ardhi nayo ilisaidia. Unguja ina urefu wa kiasi cha kilomita 85, na sehemu yake ya juu kabisa, ule ukingo wa Masingini, haizidi sana mita 120 juu ya bahari. Kutoka mjini hadi Jozani ni kama kilomita 35. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao kijana mwenye mzigo wa wastani anauweza, ni saa mbili na ushei. Mchuuzi aliyekuwa akitoka pwani usiku wa manane sasa aliweza kulala hadi saa tisa na bado akawahi mnada wa Darajani.

Watawala hawakuipanga baiskeli katika mipango yao, ilijipanga wenyewe. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilizindua reli kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, kilomita kama 11, ikipita katikati ya mji huku cheche zikiruka na watu wakiweza kuigusa kwa mkono kutoka milangoni. Ilivutia wasafiri wa meli, ikaudhi wakaazi, kisha mabasi yakainyang'anya abiria na habari yake ikaisha. Mwaka 1923 Mwingereza H. V. Lanchester aliandika mpango wa mji. Ile Pwani Ndogo iliyotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na kulipa Darajani jina lake, ilifukiwa kidogo kidogo mpaka ikamalizika mwaka 1957, na pale palipokuwa na maji na magogo ya madau pakawa na barabara, ambayo wengi walijua kwa jina la Creek Road na leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Ng'ambo walikaa wafanyakazi wa mjini, na asubuhi walivuka kwa miguu na kwa baiskeli. Fundi baiskeli alikaa chini ya mti na karai la maji, akizamisha tyubu kutafuta povu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mji ulichorwa upya kwa mkono wa Wajerumani wa Mashariki. Mpango wa Hubert Scholz wa 1968 ulileta Michenzani, yale majumba marefu ambayo watu waliyaita treni, na barabara pana mbili zilizokatana katikati yake. Magari kisiwani yalikuwa machache mno. Barabara zile zilikuwa zimeshonwa kwa kipimo cha mtu ambaye bado hajazaliwa, na katika kumsubiri, waliozitumia ni wapanda baiskeli. Kwa muda wa miaka ishirini hivi mji huu ulikuwa na njia za baiskeli zilizo bora kuliko nyingi za Ulaya, bila ya mtu yeyote kukusudia. Baiskeli zenyewe zilikuwa Phoenix ya China, nyeusi, nzito, isiyokatika. Nyengine zilikuwa Raleigh za zamani zilizorithiwa. Na kutoka Dar es Salaam ilikuja Swala, iliyoundwa na kiwanda cha taifa, ambayo mafundi waliisema na kuitengeneza kwa kadiri ile ile.

Hapa naomba nitoke kidogo niende Uholanzi, kwa sababu kila anayezungumzia baiskeli hutupeleka huko na mara nyingi hutupeleka vibaya, kana kwamba Waholanzi walizaliwa juu ya tandiko. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara zao, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi waliingia njiani kupinga, na vuguvugu lao likaitwa kwa maneno makali: komesheni mauaji ya watoto. Mwaka 1973 mafuta yalipopanda bei, serikali yao ilitangaza Jumapili zisizo na magari, na watu wakaona kwa macho mji ulivyo bila kelele. Tanzania nayo, katika dhiki ile ile ya mafuta, ilipiga marufuku magari kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Hatua moja, sababu moja. Tofauti ni kilichofuata. Wao walikuwa na wazazi walioshika hesabu ya waliokufa na kuiweka mezani kwa wakubwa, na mafuta yaliporudi, njia za baiskeli zilikuwa zimeshaanza kujengwa. Sisi mafuta yaliporudi tulisubiri gari.

Nalo likaja. Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar akaanza kulegeza biashara, kabla hajaenda bara kuwa Rais wa Muungano na kupata jina la Mzee Ruksa. Bandarini zikashuka bidhaa za Dubai, kisha magari yaliyotumika kutoka Japani. Yale malori ya mbao ya abiria, chai maharage, yakapata wenziwe wa bati. Vespa zikaongezeka mjini. Mahoteli yakaota pwani ya mashariki, Paje na Jambiani na Bwejuu, na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege alitaka afike ufukweni kabla jua halijazama. Barabara ya kusini, iliyokuwa ya mashimo na vumbi, ikawa ndiyo mlango wa utalii.

Mwaka 1996 ilitiwa lami upya.

Aliyewahi kupanda baiskeli katika barabara ya mashimo anajua siri moja: shimo linamsumbua mwenye gari kuliko mwenye baiskeli. Baiskeli hulizunguka. Gari hupunguza mwendo, huyumba, huomba. Lami mpya ilipotandikwa, baiskeli ilipata wepesi kidogo na gari likapata kasi maradufu. Na kasi ina hesabu yake, kwamba mwendo ukizidi mara mbili, kishindo cha kugonga huzidi mara nne. Kwa watu wengi wa kusini lami ile ilikuwa neema, sitaki kuidharau. Mjamzito wa Makunduchi alifika hospitali mapema. Lakini ukingo wa barabara haukuongezwa. Kandoni ni mawe makali na majani, na anayesukumwa nje ya lami hana pa kutua.

Kima ndio waliotangulia kufa kwa wingi, au tuseme ndio waliotangulia kuhesabiwa.

Jozani ni msitu wa maji. Ardhi yake iko chini, mvua ikinyesha hujaa, na mitondoo mikubwa husimama ndani ya maji ya rangi ya chai. Kusini ya barabara ni mashamba, yenye miembe na mikungu, na kima punju hupenda majani yake machanga. Majani hayo yana kemikali zinazovuruga tumbo, na kima wa Jozani wamegundua dawa: hula makaa. Huyaokota penye matanuru ya zamani, wakakaa matawini wakiyatafuna kama watu wanavyotafuna kashata. Basi maisha yao yalikuwa ya kwenda na kurudi, msituni na shamba, na barabara iko katikati.

Watafiti wawili walikuwepo, Thomas Struhsaker na Kirstin Siex. Struhsaker hakuwa mgeni wa wanyama hawa. Alikuwa ameshawafuata jamaa zao wekundu katika msitu wa Kibale, Uganda, tangu mwaka 1970. Kazi yao ilikuwa ya subira, kuyajua makundi, kujua nani amezaa na nani hayupo. Wakulima waliwalalamikia kima kwamba wanamaliza nazi changa, na watafiti wakazihesabu nazi pia, wakaona kwamba mavuno hayapungui kwa sababu ya kima. Na kwa vile walikuwa wakihesabu, waliona barabara inavyofanya. Kima mmoja alikuwa akiuawa na gari kila wiki mbili au tatu. Kwa mnyama aliyebaki katika kisiwa kimoja, hayo si mambo ya bahati mbaya tena.

Ndipo yakaja matuta. Idara ya misitu ilikuwa katika mradi wa uhifadhi na shirika la CARE tangu katikati ya miaka ya 1990. Vijiji vya jirani, Pete na Kitogani na vyenginevyo, vilikuwa vikivutwa katika hifadhi kwa mgao wa mapato ya watalii. Hoja ilikuwa fupi na ilikuwa na tarakimu. Vikawekwa vibao vya tahadhari vyenye picha ya kima, ambavyo madereva walivipita, na yakawekwa matuta manne, ambayo hawakuweza kuyapita. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ikawa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar, kilomita za mraba 50 hivi. Mwaka 2016 UNESCO ikaiingiza katika orodha yake ya hifadhi za binadamu na viumbe. Watafiti waliokuja nyuma, wakihesabu tena miaka ya karibu na 2020, walikuta kima mmoja anakufa barabarani kila wiki sita hivi. Bado wanakufa, na magari yameongezeka mara nyingi kuliko siku za Struhsaker. Hata hivyo vifo vimepunguzwa kwa nusu au zaidi kwa vipande vinne vya lami. Na sensa ya kima iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta zaidi ya 5,800 kisiwani, takriban mara tatu ya walivyokuwa wakikisiwa.

Tuta lenyewe lina nasaba ya kuchekesha. Mmoja wa waliolifikiria kwa makini ni Arthur Compton, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa kazi ya miale ya eksirei. Mwaka 1953, akiwa mkuu wa chuo kikuu huko St. Louis, alichoshwa na magari yanayokimbia mbele ya ofisi yake akakaa chini kupiga hesabu za tuta. Miaka ya 1970 maabara ya barabara ya Uingereza ikatoa umbo la mviringo linalofuatwa hadi leo: urefu wa kiasi cha mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari, na kimo cha sentimita 10. Tuta la namna hiyo halimpigi anayekwenda taratibu. Humwinua na kumshusha. Baiskeli hulipanda kama wimbi dogo.

Matuta mengi tunayoyajua sisi hayana nasaba hiyo. Ni kifusi kilichorundikwa na wanakijiji usiku baada ya mazishi, au ni rasta, vile vimistari vya lami vilivyopangwa kama meno ya chanuo, ambavyo mwenye gari jipya huvisikia kama mtekenyo na mwenye baiskeli huvisikia kwenye meno yake. Fundi wa barabara asiyepanda baiskeli hawezi kujua kwamba tuta lenye ncha kali humwaga boflo. Wala hajui kwamba ukiacha upenyo wa upana wa mkono mmoja kati ya mwisho wa tuta na ukingo wa lami, baiskeli itapita hapo moja kwa moja na gari haliwezi. Ni upenyo usiogharimu chochote. Kwa kweli unapunguza lami. Ila lazima awepo mtu wa kuukumbuka siku ya kuchora.

Mjini hadithi ilikuwa nyengine. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi wa Francesco Siravo na taasisi ya Aga Khan ukakamilika mwaka 1994, na mwaka 2000 mji ukaingia katika urithi wa dunia. Waliolinda kuta walilinda na upana wa njia, na gari likabaki nje. Pikipiki haikubaki. Mzee aliyekuwa akikunja miguu kwa "Similla" sasa huikunja kwa honi, na hapati muda wa kuikunja taratibu. Baiskeli inayogonga mtu katika kichochoro humwachia chubuko na ugomvi wa dakika kumi. Pikipiki ni jambo jengine, na ukuta wa chokaa hausogei.

Nje ya kuta, yule mtu ambaye barabara za Michenzani zilikuwa zikimsubiri amefika, tena hakuja peke yake. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Mwaka 2022 wamekuwa 893,169. Wanakaa hadi Fuoni, hadi Bububu na kupita, masafa ambayo ni mazuri kabisa kwa baiskeli, kilomita tano, saba, kumi, na ambayo wazazi wengi hawamruhusu mtoto kuyapanda. Ukisimama Darajani asubuhi utamwona mwenye baiskeli akifanya kazi ya kutafuta nafasi kama anayevua: kati ya daladala iliyosimama na inayoondoka, kati ya gari la ng'ombe na teksi, na akifika hana pa kuiegesha ila kuifunga kwenye nguzo ya mtu mwengine.

Idara ya mipango miji ilijaribu kuliandika hili. Katika miaka ya 2010, kwa ushirikiano na wasanifu wa African Architecture Matters na mji wa Amsterdam, ikatoa mpango uliopewa jina zuri la Ng'ambo Tuitakayo. Ndani yake, Ng'ambo iliacha kuwa uani pa Mji Mkongwe ikawa kitovu, na mwenda kwa miguu akatangulizwa katika nafasi za umma. Safari hii mpango wa mji ulianza kwa kuuliza watu wa Ng'ambo wanaishi vipi na wanapita wapi. Karatasi ile ni nzuri. Njia za kuitekeleza zimekuwa za vipande vipande, na katika vipande hivyo gari halijawahi kukosa chake.

Dar es Salaam walikwenda mbali zaidi, na yaliyowapata yanatuhusu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pembeni yake ilijengwa njia ya baiskeli; wapanda baiskeli wa jiji lile, walioungana katika chama chao cha UWABA, walikuwa wamepigia kelele njia kama hizo kwa miaka. Mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Ukitembea kando ya njia ile leo utakuta bodaboda ndani yake, na meza za matunda, na mara nyengine baiskeli. Sioni kwamba hiyo ni sababu ya kutojenga. Ni sababu ya kujua kwamba rangi chini haimzuii mtu, kama vile kibao cha kima hakikumzuia dereva wa Jozani. Kinachomzuia ni kitu ambacho gurudumu linakigusa.

Na kuna njia moja Unguja ambayo haijengwi na mtu na haiharibiki. Mashariki, Paje hadi Jambiani, bahari ikitoka mchanga hubaki mgumu kama sakafu, na kwa masaa machache baiskeli hutawala. Wanawake wa mwani hupita kwa miguu na magunia. Wavuvi hupita na pweza mpinini. Wanafunzi wa kike, shungi zikipepea, hupanda wawili wawili wakizungumza bila kutazama nyuma. Maji yakirudi njia hufungwa. Atakaye kuendelea na safari lazima apande juu, kwenye lami, na mazungumzo hukatika.

Mwenye mzigo wa majani hawezi kutazama nyuma kabisa. Bunda limemziba, na akigeuza shingo baiskeli itageuka naye. Barabara huisoma kwa masikio: mngurumo wa mbali ni lori, mlio mwembamba ni bodaboda, na mlio usiobadilika ndio wa kuogopwa, kwa sababu maana yake ni dereva asiyekuona au asiyejali. Akisikia huo hushuka majanini mapema, husimama, humwacha apite, hupanda tena. Kutoka Kitogani hufanya hivyo mara kadhaa. Kisha miti hujikusanya juu ya barabara, hewa huwa ya baridi na harufu ya matope ya msitu, na nyuma yake hulisikia gari likishusha gia, moja, halafu nyengine. Hapo hashuki. Hukanyaga pedeli na kuendelea, na juu ya mkungu kima mwenye kipande cha makaa mkononi humtazama akipita.